Watoto Kupita Mlango kwa Mlango: Uhakiki wa Hoja za Halloween na Mkono wa Idi

  

Mas'ala hii ilinifikia kwa mkono wa mzazi mmoja hapa Mbeya. Baada ya sala ya Ijumaa alinionesha barua kutoka shule anayosoma binti yake, moja ya shule hizi zinazofundisha kwa Kiingereza. Barua iliwataka wazazi wawavalishe watoto mavazi ya kutisha tarehe 31 Oktoba, mavazi ya mizimu, mafuvu na wachawi, na kila mtoto aje na peremende. Watoto wangepita darasa hadi darasa wakigonga milango na kudai vitu vitamu. Mzazi akaniuliza: "Sheikh, huu si mchezo tu wa watoto?" Kabla sijafungua kinywa, kijana mmoja aliyekuwa amekaa karibu alidakia: "Haramu tupu! Na hawa wanaopita siku ya Idi kuomba hela nao ni wale wale. Wote wapigwe marufuku."

Nikaona kuwa hapa pana hoja mbili, na kila moja ina kasoro yake. Baadaye nilipokuwa Iringa nikazikuta hoja hizo hizo kwa watu wengine kabisa. Kwa hiyo ndugu msomaji, tuzipime hoja hizi kwa mizani ya fiqhi na ya tarikhi, kwani hukumu inayotolewa kwa hasira haina tofauti kubwa na hukumu inayotolewa kwa uzembe. Zote mbili hazikutazama dalili.

ASILI YA JAMBO LENYEWE

Wanachuoni wa usuli wanatufundisha kuwa kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu. Basi tuanze na kulifahamu.

Halloween ni mkesha wa tarehe 1 Novemba. Watu wa kale wa Ireland na Uskoti walikuwa na msimu wao wa kufunga mavuno na kuingia majira ya baridi, uitwao Samhain. Katika itikadi yao, wakati huo pazia lililo baina ya walio hai na wafu huwa jepesi. Baadaye Kanisa la Magharibi likaiweka tarehe 1 Novemba kuwa siku ya Watakatifu Wote, na tarehe 2 kuwa siku ya kuwaombea marehemu. Huko Uingereza maskini na watoto wakawa wanapita majumbani, wanapewa vikate, nao wanawaombea wafu wa nyumba ile. Uskoti na Ireland watoto walijifunika nyuso na kupita wakiimba ili wapewe kitu.

Waairishi walipohamia Amerika kwa wingi baada ya njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845, walikwenda na ada hizo. Ile kauli ya mtoto mlangoni, ambayo maana yake ni "tupe kitamu, la sivyo tutakufanyia kituko," ilionekana katika magazeti ya Kanada na Marekani katika miaka ya 1920. Kabla ya hapo usiku huo ulijulikana zaidi kwa vijana kuharibu mageti na kuvunja madirisha, na peremende ikawa njia ya kuwatuliza. Vita Kuu ya Pili iliupunguza mtindo huo kwa sababu sukari ilikuwa ya mgao. Vita vilipokwisha wenye viwanda vya peremende wakaupalilia. Mwaka 1950 wakaanza wengine huko Philadelphia kuwapa watoto vikasha vya kukusanyia fedha za shirika la UNICEF badala ya peremende. Kwa hiyo jambo hili lina matabaka: itikadi ya kale ya wafu, ada ya kanisa, ukorofi wa vijana, biashara, na hata sadaka. Anayesema ni kitu kimoja tu hajalifahamu.

HOJA YA KWANZA: "NI MCHEZO TU"

Hoja hii ina upande wa kweli, na insafu inatutaka tuutaje. Mtoto hajabebeshwa taklifu. Kalamu imeinuliwa kwake mpaka abaleghe. Mchezo wa kujivika na kujifananisha si haramu kwa dhati yake. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na vidoli vyake nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), na katika mapokezi ya Abu Daud miongoni mwavyo alikuwemo farasi mwenye mbawa. Mtume alipomuuliza juu ya farasi huyo, naye akamjibu kwa habari za farasi wa Nabii Suleiman (A.S.), Mtume alicheka wala hakumkemea. Dini hii haiogopi mawazo ya mtoto.

Lakini kosa liko katika lile neno "tu". Mtoto hana taklifu, ila mzazi anayo. Mtoto hakuinunua nguo ile, hakuisoma barua, wala hakuichagua siku. Hukumu hapa inamgusa mkubwa anayempeleka. Tukilitazama jambo kwa upande wa mkubwa, tunakuta mambo matatu yasiyopita kirahisi.

Kwanza ni siku yenyewe. Sikukuu si kama kikombe au kiatu, ambavyo kila mtu hutumia bila kuuliza vimetoka wapi. Anas (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili wanazocheza tangu zama za ujahiliya, akawaambia kwamba Allah amewabadilishia kwa siku mbili bora kuliko hizo, Idi ya Adh'ha na Idi ya Fitri. Watu wale pia walikuwa wanacheza "tu", lakini Mtume aliiangalia siku. Na hadithi ya Ibn Umar kwa Abu Daud, inayomhesabu mwenye kujifananisha na watu kuwa ni katika wao, ndiyo aliyoijengea Ibn Taymiyya (aliyefariki mwaka 728 Hijria) kitabu kizima, Iqtidhaa as-Siratil Mustaqim, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni juu ya sikukuu.

Pili ni ile kauli ya mlangoni. Ni ombi lenye kitisho ndani yake, hata kama ni kitisho cha mzaha. Amepokea Abu Daud kisa cha Sahaba aliyelala safarini, mwenzake akaichukua kamba yake, naye akaamka kwa fazaa. Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Aliyechukua kamba naye alikuwa anatania. Tena wanachuoni wetu wamekataza mali inayochukuliwa kwa kumtia mtu haya, na Imamu Ghazali katika Ihyaa ameifananisha na mali inayochukuliwa kwa mjeledi, isipokuwa mjeledi huu unaupiga moyo. Basi ni vipi tumfundishe mtoto wa miaka sita kwamba mlango hufunguka kwa kitisho?

Tatu, na hili ndilo zito zaidi kwetu sisi wa Nyanda za Juu Kusini, ni nguo ya mchawi na fuvu. Huko Chicago mchawi ni kofia ndefu na ufagio dukani. Kwetu neno hilo lina makaburi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mkoa wa Mbeya ulitikiswa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi kwa imani za kishirikina. Kuanzia mwaka 2007 nchi nzima ikashuhudia wenzetu wenye ualbino wakiwindwa kwa ajili ya viungo vyao, na watoto wakiwa miongoni mwao. Na Januari 2019, huko Njombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa, watoto kadhaa walitekwa, wakakutwa wameuawa, na viongozi wa serikali wakayahusisha mauaji hayo na ushirikina. Wazazi wakawa wanawasindikiza watoto wao shuleni na kuwarudisha nyumbani kwa mkono.

Sasa jambo ambalo kwa jirani yako ni msiba, huwezi kulileta uwanjani likawa kichekesho. Mtoto wa Njombe aliyempoteza mwenzake darasani, ukimwambia avae fuvu acheke, umemfundisha nini? Na mtoto mwenye ualbino anayekaa dawati la mbele, wenzake wakija wamejipaka unga mweupe wakajiita mizimu, atajiona yuko wapi? Haya si maswali ya bid'a peke yake. Ni maswali ya rehma. Katika kawaida za kifiqhi, kuzuia ufisadi kunatangulizwa mbele ya kuleta manufaa, na manufaa yenyewe hapa ni kiganja cha peremende.

Wapo wanaosema: "Mbona hata Riyadh walivaa?" Ni kweli kwamba Oktoba 2022, ndani ya Msimu wa Riyadh, watu waliingia na mavazi ya kutisha katika eneo la burudani, ilhali mwaka 2018 polisi wa mji huo huo waliwakamata watu katika hafla ya namna hiyo. Na mwaka 2014 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia lilitoa msimamo wa kuikataza Halloween kwa Waislamu. Matendo ya mji si dalili, hata ukiwa mji mtukufu kiasi gani. Dalili ni Kitabu, Sunna, Ijmai na Qiyasi sahihi.

HOJA YA PILI: "NI SIKUKUU YA WAKRISTO"

Hoja hii nimeisikia Iringa zaidi, na inatolewa kana kwamba kuitamka kumemaliza mjadala. Nayo haijahakikiwa. Wakristo wa mikoa hii, Wamoravian wa Rungwe, Walutheri, Wakatoliki wa Tosamaganga na wengineo, hatuwaoni wakiifanya Halloween kuwa ibada. Wakatoliki wana siku yao ya Watakatifu Wote na siku ya marehemu, huenda kanisani na makaburini. Hawavai mafuvu. Na wapo wachungaji wanaohubiri dhidi ya mtindo huu kwa sauti kali kuliko masheikh. Yule mzazi wa Mbeya alipokwenda kuuliza shuleni, alikuta wazazi wawili wa Kikristo wamemtangulia na malalamiko yale yale.

Kwa nini nalisema hili? Kwa sababu uadilifu ni faradhi hata kwa tusiyeafikiana naye katika dini. Kumbebesha jirani jambo asilolifanya ni kumsingizia. Pia ni hasara ya kimaslaha: mlezi wa Kiislamu anayekwenda shuleni na hoja ya "hii ni dini yenu" anampoteza mshirika ambaye angesimama naye. Angesema, "Mavazi haya yanaumiza watoto wetu wote, na sisi katika dini yetu hatuadhimishi siku hii," angekuwa amesema kweli mbili na hakumuudhi mtu.

HOJA YA TATU: "WA IDI NAO NI WALE WALE"

Hapa ndipo kijana wetu alipoteleza, na ndipo penye hatari kubwa zaidi, kwani hoja yake ina sura ya elimu. Anafanya qiyasi: watoto wa Halloween wanagonga milango na kupewa, watoto wa Idi wanagonga milango na kupewa, basi hukumu ni moja. Lakini qiyasi ina nguzo nne: asili, tawi, hukumu ya asili na illa inayoviunganisha. Kugonga mlango si illa. Illa za katazo tumeziona: siku ya itikadi nyingine, kitisho, na mchezo wa uchawi. Katika Idi hakuna hata moja. Siku ni yetu kwa nassi, mtoto anakuja na salamu, na amevaa nguo safi.

Kinyume chake, furaha ya siku ya Idi ni jambo la sharia. Abu Bakar (R.A.) alipotaka kuwakemea wasichana wawili waliokuwa wakiimba kwa Bibi Aisha siku ya Idi, Mtume (S.A.W.) alimzuia na kumkumbusha kuwa kila watu wana sikukuu yao. Wahabeshi wakacheza na mikuki msikitini, naye akamsimamisha Aisha atazame mpaka aliporidhika. Bukhari na Muslim wamepokea haya.

Mfano ulio karibu zaidi na mas'ala yetu uko kwa ndugu zetu wa Ghuba. Huko Oman, ambako Waswahili ni wengi, watoto hupita majumbani usiku wa katikati ya Ramadhani katika ada iitwayo Qaranqashuh, wakapewa peremende na karanga. Kuwait wanaiita Qarqi'an, na Imarati wana yao katikati ya Shaabani. Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia iliihesabu Qarqi'an kuwa ni bid'a, kwa kuwa usiku ule haukuwekwa na sharia kuwa sikukuu. Wengine wameiona ni ada isiyokusudiwa ibada, na asili ya ada ni uhalali. Hiyo ni hitilafu ya kielimu inayoheshimika. Lakini angalia: hata wale waliokataza, walikataza kwa sababu ya kuutenga usiku usiokuwa Idi. Hoja yao haiigusi siku ya Idi yenyewe. Kijana wetu amebeba hukumu yao akaacha sababu yao.

Ukitaka kujua kinachopotea, kaa mlangoni asubuhi ya Idi Sokomatola au Mwanjelwa hapa Mbeya, au Miyomboni na Mlandege kule Iringa. Idi ya Adh'ha ya Juni 2024 iliangukia katikati ya baridi; watoto walipita na masweta juu ya kanzu, na ushungi umefungwa mpaka kidevuni. Wanatoa salamu ya Idi, wanapewa sarafu, andazi au kipande cha nyama. Miongoni mwao wamo watoto wa Kikristo wa mtaa huo, nao hupewa. Sisi huku tu wachache. Mtoto wa Kiislamu anaona wenzake darasani wakihesabu siku za Krismasi tangu Novemba. Siku pekee ambayo mtaa mzima unamtambua kwa dini yake ni ile anayopita na kanzu yake. Ukimnyang'anya siku hiyo kwa jina la dini, usishangae akiitafuta furaha katika barua ya shule.

Na hii ndiyo hikma ya hadithi ya Anas tuliyoitaja. Mtume (S.A.W.) hakuwaambia watu wa Madina "acheni" akanyamaza. Aliwatajia badala. Mwenye kukataza bila kubadilisha ameichukua nusu ya Sunna.

MIPAKA YA MKONO WA IDI

Hata hivyo, kuitetea ada si kuifumbia macho. Kuna mambo yameingia ambayo yanahitaji kurekebishwa, tena na sisi wenyewe.

Moja, kuomba kusigeuke kudai. Nimesikia watoto wakiimba mlangoni kumfedhehesha aliyewapa sarafu ndogo au ambaye hakuwa nacho. Hicho ni kile kile kitisho tulichokikataa cha Halloween, ila kimevaa kanzu. Mtoto afundishwe kutoa salamu, kupokea kwa mkono wa kulia, kushukuru, na kuondoka kwa adabu akikosa.

Mbili, wakati. Katika hadithi ya Jabir kwa Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliamrisha watoto wazuiwe majumbani giza linapoingia. Kwa hiyo mizunguko ya Idi iwe asubuhi mpaka alasiri. Baada ya yaliyotokea Njombe, hili si la kusisitiziwa mara mbili.

Tatu, waende kwa wanaowajua, wakiwa kundi, na mkubwa mmoja awe nao. Mtoto asiingie ndani ya nyumba ya asiyemjua hata akiitwa kwa pilau.

Nne, wasipelekwe watoto kuomba kwa niaba ya wazazi. Hadithi ya Qabisa kwa Muslim imebana milango ya kuomba kwa watu wa aina tatu tu wenye dharura. Zawadi ya Idi ni furaha ya mtoto, haikuwa mradi wa nyumba. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, anachopewa mtoto ni mali ya mtoto, na walii ni mtunzaji. Mama anayesema "lete nikutunzie" kisha akanunulia vocha ya simu, ajue ana deni.

HUKUMU NA MWONGOZO

Kwa muhtasari, ninaloliona ni kuwa haijuzu kwa mzazi wa Kiislamu kumwandaa mtoto wake kushiriki mzunguko wa Halloween, kwa sababu tulizozitaja. Lakini katazo hili lina daraja zake. Mtoto aliyekwisha shiriki bila mzazi kujua hana dhambi wala asipigwe; aelezwe kwa upole. Akirudi na peremende alizopewa na wenzake, peremende si najisi kwa sababu ya tarehe. Ibn Taymiyya mwenyewe, pamoja na ukali wake katika mlango huu, amenukuu kwamba Ali (R.A.) alipokea zawadi siku ya Nairuzi, na kwamba Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa juu ya zawadi za Majusi katika sikukuu yao alikataza kilichochinjwa kwa ajili ya siku hiyo, akaruhusu matunda yao.

Na mtoto wa jirani akikugongea jioni hiyo amevaa kinyago, usimfungie mlango kwa ghadhabu. Usiiandalie siku, lakini yeye ni mtoto na ni jirani. Mpe alichojaaliwa kwa haki ya ujirani, na mwambie kwa tabasamu kuwa aje na siku ya Idi, utampa zaidi.

Ama kwa shule, mzazi aandike barua ya heshima na mapema. Yule mzazi wa Mbeya aliandika pamoja na wale wawili wa Kikristo. Waliomba siku ile watoto wavae mavazi ya kazi wanazotamani kuzifanya wakiwa wakubwa, na peremende zipelekwe wodi ya watoto hospitalini. Shule haikukubali yote. Mafuvu na wachawi viliondolewa, jina la siku likabaki, naye akamwacha binti yake nyumbani siku hiyo. Binti alilia. Baba yake hakumficha sababu. Akamwahidi kuwa Idi ijayo atampitisha yeye mwenyewe nyumba kwa nyumba, na ahadi kwa mtoto ni deni kama deni lingine lolote.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.